Daftari Halijui Kufuta

Kwa miaka 21 nilikuwa mhasibu wa chuo kidogo cha kanisa wilayani Muleba. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya nitakayosema hayakisifu, na wengi niliofanya nao kazi wangali hai. Anayekijua atakijua kwa kengele yake: rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi na kugongwa kwa kipande cha nondo.

Kila siku saa moja na nusu asubuhi rimu ile ililia, tukaingia kanisani walimu, wanafunzi na watu wa jikoni. Mchungaji wetu alitaka Sala ya Bwana isaliwe kama ilivyo katika Injili ya Mathayo. Wengi wetu tumezoea kumwomba Mungu atusamehe makosa. Katika Mathayo ya Biblia yetu ya Kiswahili neno lenyewe ni deni. Wanafunzi wapya walijikwaa hapo wiki ya kwanza, kisha wakazoea. Sala ikiisha nilivuka uwanja, nikafungua ofisi, nikachukua karatasi niliyoichapa jana yake na kwenda kuibandika ukutani karibu na mlango wa bwalo. Kichwa chake kilikuwa WADAIWA SUGU.

Mwaka 2013 alikuja mzee mmoja kutoka kisiwa cha Goziba. Binti yake alikuwa amemaliza kozi ya ushonaji mwaka mmoja na nusu kabla, akabaki na deni la shilingi 185,000, na cheti chake nilikuwa nacho mimi kwenye kabati la chuma pamoja na vya wenzake arobaini na kitu. Mzee alifika jioni, akalala kwa mlinzi, asubuhi akasali nasi. Nilimwamkia, akaitikia, akavua kofia na kuweka shilingi 60,000 mezani. Halafu akauliza, bila ukali wowote, "Mwanangu, hawa mliowabandika pale ukutani ndio haohao tuliosali nao sasa hivi?"

Nikamjibu, "Ndio hao, baba. Lakini dawa ya deni ni kulipa."

Akakubali kwa kichwa, akakunja risiti ya zile elfu sitini, akashuka barabarani kutafuta gari la kumrudisha ziwani. Cheti kikabaki kabatini.

Nimestaafu, kabati lile lina mwenyewe mwingine, na swali la mzee bado ninalo. Je, deni la elimu linasameheka? Na likisamehewa, linakwenda wapi? Wahubiri hulijibu swali la kwanza kwa wepesi. Mhasibu hulala na la pili.

Nianze na fedha zenyewe, maana nimesikia mahubiri mengi juu ya fedha kutoka kwa watu wasiojua bei ya gunia la maharage. Chuo kidogo kijijini ni ghali kwa sababu ni kidogo. Mwalimu wa umeme hulipwa mshahara uleule, awe na vijana tisa au thelathini. Jenereta hainywi dizeli kidogo kwa kuwa darasa lina viti vitupu. Kuni, maharage, unga, sabuni ya bweni, vitambaa vya kujifunzia kukata, nyaya, karo ya mitihani, nauli ya mkaguzi na chakula chake: hayo yote yapo hata mwanafunzi akiwa mmoja. Kwa hesabu zangu, wanafunzi 90 ndio waliokuwa mpaka wetu. Tukishuka chini ya hapo, kila shilingi iliyoingia dirishani kwangu ilikuta imeshaliwa. Miaka mingi tulikuwa 70 au 75.

Ndiyo sababu bodi ilipenda kuuliza ni kozi ipi inayojilipa. Ushonaji ulikuwa na wasichana 31, umeme wa majumbani vijana 22, useremala wanne. Tukafunga useremala. Mimi ndiye niliyeandaa jedwali lililouua, na kwa tarakimu nilikuwa sahihi. Mwaka uliofuata tulihitaji madawati mapya, tukayanunua Bukoba mjini na kulipia lori la kuyaleta. Jedwali langu halikuwa na safu ya kuuliza kijiji kisicho na seremala kitamwagiza nani dawati, mlango, au jeneza.

Upande wa pili wa dirisha alisimama mzazi. Kwetu ada hutoka kwenye kibanja, shamba la migomba na kahawa la nyumbani, na kibanja hutoa fedha kwa majira yake. Kahawa ya maganda huanza kuuzwa msimu ukifunguliwa, kwenye mwezi Mei hivi. Chuo chetu kilifungua Januari. Kati ya Januari na Mei ndipo huingia butura: mkulima anauza kahawa yake ingali ua au punje mbichi mtini, kwa jirani mwenye fedha, kwa bei ambayo wote wawili wanajua ni ya dhiki. Serikali imeikataza butura miaka mingi na wanunuzi wake hukamatwa, lakini mtoto akiambiwa asirudi darasani bila ada, baba hafikirii katazo. Kwa hiyo deni lililoandikwa kwenye daftari langu mara nyingi lilikuwa mjukuu wa deni jingine. Msimu wa 2024 bei ya kahawa ilipopanda kwa kiasi tulichokuwa hatujakizoea, nilimkuta jirani yangu ameketi barazani anatazama kahawa ya mitini mwake ikichumwa na mtu mwingine. Alikuwa ameiuza Februari, mtoto aingie chuo.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwetu hata kukopa kwenyewe siku hizo hakukuwa na ngoma.

Bibi yangu alizaliwa kwenye nyarubanja, katika iliyokuwa himaya ya Ihangiro. Wasiokulia huku wajue kwamba nyarubanja ilikuwa ardhi ya bwana: wewe unalima, unapanda migomba, unazika wazazi wako humo, na kila mwaka unampelekea bwana sehemu ya mavuno, na shamba haliwi lako milele. Sheria za miaka ya 1960, baada ya uhuru, ndizo zilizoivunja. Bibi alikuwa akisema kile walichopeleka hakikuwa kingi sana. Kilichowachosha ni kwamba hakikuwa na siku ya mwisho. Nilimsikia nikiwa mtoto, sikumwelewa. Nilimwelewa siku nilipokokotoa deni la kijana mmoja wa umeme na kukuta kwamba, kwa kipato chake, asingeweza kulimaliza kabla hajazeeka.

Kijana yule alihitimu vizuri. Kwa sheria zetu, fundi wa kuweka umeme nyumbani mwa watu anatakiwa awe na leseni ya EWURA, na leseni haiombwi bila cheti. Cheti kilikuwa kabatini kwangu. Akawa anafanya kazi chini ya leseni ya mtu mwingine, huyo anachukua nusu ya malipo, na nusu inayobaki haitoshi kula na kulipa. Nilikuwa nimemfunga mikono kisha nikamdai kazi ya mikono. Yule binti wa Goziba naye? Nilikuja kusikia kwamba anashona sare za shule kisiwani, anashona na magauni ya harusi, na hapana mteja hata mmoja aliyewahi kumwuliza karatasi. Kwa mmoja rehani yangu ilikuwa kitanzi, kwa mwingine haikuwa na thamani yoyote.

Haya niliyajua kwa sababu ya fomu. Mwaka 2015 wafadhili wetu wa Ulaya walitutumia fomu ya matokeo ya wahitimu. Walitaka tuwatafute waliomaliza miaka mitatu iliyotangulia, tuwapange katika safu nne: ameajiriwa, amejiajiri, anaendelea na masomo, hana kazi. Nilipewa kazi ya kupiga simu. Nilipiga siku sita. Namba nyingi hazikupatikana, maana vijana hubadilisha laini kama shati. Waliopatikana walinipa taabu zaidi. Mmoja alikuwa fundi wa kanisa na msikiti kule Kamachumu, analipwa ndizi. Mwingine alikuwa ameacha kazi nzuri Mwanza, amerudi Nshamba kumuuguza mama yake aliyepooza. Huyo nilimweka "hana kazi", na mkono wangu ulisita. Mmoja alipokea baba yake, akaniambia kwa upole kwamba mwenye simu amezikwa Juni. Fomu haikuwa na safu yake.

Sisemi wafadhili walikosea kuuliza. Anayetoa fedha ana haki ya kujua zimezaa nini, na chuo kinachokataa kuhesabu matunda yake mara nyingi hakina. Nasema tu kwamba fomu ile ilikuwa na imani yake kuhusu deni: umesomeshwa, basi lipa kwa kuajiriwa. Ni imani moja kati ya kadhaa tulizonazo nchini.

Bodi ya Mikopo ina yake. Anayekopeshwa asome chuo kikuu hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka amalize, na fedha ile inamkopesha mwingine. Ni mpango wa maana, ila vijana wetu wa vyeti vya ufundi haukuwagusa.

Mwalimu Nyerere alikuwa na yake, na kwangu ndiyo iliyokaa moyoni. Alimfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta kingine. Akila kisha asirudi, amewasaliti. Nadhani ni mawazo hayohayo yaliyozaa vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa mfano wa vyuo vya watu wazima vya Sweden. Mkoani kwetu kimoja kiko Gera, Missenyi. Mtu aende akajifunze, arudi kwao na ujuzi. Kwa Mwalimu, anayekudai ni kijiji. Kwa hesabu ya namna hiyo, yule aliyerudi Nshamba kwa mama yake amelipa, na fundi anayelipwa ndizi amelipa.

Sisi wa kanisani tuna imani ya nne. Tunasema elimu, kama uhai wenyewe, ni neema, na neema ni bure. Tangu wamisionari wa Betheli walipofika Bukoba mwaka 1910, na hata kabla yao, kwa midomo ya Wahaya walioileta Injili kutoka Uganda, sisi Walutheri wa huku tumelelewa juu ya neno hilo. Nimelihubiriwa tangu utoto na ninaliamini. Ila kazi yangu ilinifundisha kuuliza swali lililofuata: bure kwa nani?

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, ardhi ilitikisika. Lilikuwa tetemeko la ukubwa wa 5.9. Bukoba watu walikufa, nyumba zikalala kwa maelfu, shule ya Ihungo ikabaki kifusi. Kwetu bweni la wasichana lilipasuka pembe mbili, hakuumia mtu. Bodi ilikaa wiki ya pili yake. Mwenyekiti alisoma mfano wa mtumwa asiyesamehe katika Mathayo sura ya 18, na bila ubishi tukakubaliana: mwanafunzi yeyote ambaye kwao nyumba imeanguka, deni lake lisamehewe. Walikuwa 23. Jumla ilikuwa shilingi milioni nne na laki tatu. Tulipiga makofi. Nilirudi ofisini na machozi ya furaha, nikafungua daftari.

Hapo nieleze jambo moja la ufundi. Uhasibu tunaoutumia dunia nzima ulielezwa katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494 na mtawa wa Kifransisko, Luca Pacioli. Kanuni yake ni kwamba kila jambo huandikwa mara mbili, kushoto na kulia, na pande zote lazima zilingane. Siwezi kuchukua kalamu nikakata jina la mdaiwa. Nikipunguza deni lake upande wa kulia, lazima kiasi kilekile nikiandike upande wa kushoto, kwenye ukurasa wa hasara. Daftari halijui kufuta. Linajua kuhamisha tu. Niliandika milioni nne na laki tatu kushoto, nikafunga, nikaenda nyumbani.

Hasara ile ilimpata mwenyewe Oktoba. Fedha ya mishahara haikutosha. Walimu tuliwalipa nusu, kwa kuwa walimu huondoka. Watu wa jikoni hatukuwalipa kabisa, Oktoba, Novemba, Desemba, kwa kuwa wao hawana pa kwenda. Hayo hatukuyasema hivyo kwenye kikao. Tulisema "tutawaomba wavumilie".

Kabla ya Krismasi mpishi mkuu alikuja dirishani. Alikuwa mama wa makamo, mjane, ametupikia miaka kumi na minne. Hakupaza sauti. Alisema, "Mama, nasikia mmewasamehe watoto. Mmefanya vizuri. Ila mliosamehe ni nyinyi, niliyelipa ni mimi. Na kwangu ukuta nao umeanguka."

Nilirudi nyumbani nikafungua Mathayo 18 upya, safari hii kwa macho ya mhasibu. Mtumwa wa kwanza anadaiwa talanta elfu kumi. Siku hizi kwa Kiswahili talanta ni kipaji. Wakati ule ilikuwa fedha, na moja ilikuwa sawa na dinari elfu sita. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku. Deni lile basi lilikuwa siku milioni sitini za kazi. Mwenzake anadaiwa dinari mia, na hapo ndipo wahubiri wetu husema: tazameni jinsi kilivyo kidogo! Siku mia za kibarua si kidogo. Ni miezi minne ya kuinama shambani kwa mtu. Ni ada ya mwaka ya chuo chetu, karibu kabisa. Yesu hakusema tusamehe kwa sababu tunachodai ni kidogo. Alimpa yule mtumwa hasara ya kweli ya kubeba, akamtaka aibebe.

Na mfalme je? Nilikuwa sijawahi kumwona mfalme katika mfano ule kama mtu aliyepoteza kitu. Lakini talanta elfu kumi zilikuwa zake. Aliposamehe, ziliandikwa kushoto, kwenye ukurasa wake mwenyewe. Hakumwita mpishi wa ikulu akamkata mshahara. Nadhani ndilo jambo tunalolikiri juu ya msalaba, hata kama hatulisemi kihasibu: kwamba deni halikuyeyuka, kuna aliyelichukua, na alilichukua kwa hiari yake.

Nilimweleza haya mwalimu wetu wa hesabu, Mwislamu wa Bukoba mjini, mtu wa swala tano. Alicheka kidogo, akasema kwao hilo halijafichwa. Katika Sura ya Baqara, aliye na deni na akawa katika shida apewe muda mpaka apate nafasi, na kumwachia kama sadaka ni bora zaidi. Na katika mafungu ya watu wanaostahili zaka, wenye madeni wametajwa kwa jina lao. "Unaona?" akasema. "Sadaka ina mtoaji. Zaka ina mtoaji. Hakuna deni linalokwenda hewani."

Hata mila zetu zilijua. Ukoo wa Kihaya ulipokaa kumtoa mtoto mmoja asome, kila mtu kikaoni alijua nani ametoa mbuzi, nani mkungu, nani amekubali mwanawe asubiri. Mzigo ulikuwa na majina. Sisi bodini tulikuwa tumebuni msamaha usio na mbebaji, na msamaha wa namna hiyo huangukia aliye karibu na ardhi.

Basi jibu langu, baada ya miaka hii yote, ni hili. Deni la elimu linasameheka, na lisilolipika lazima lisamehewe, la sivyo tunarudi kwenye nyarubanja. Ila anayesamehe lazima awe ndiye anayebeba, au awe amemwuliza atakayebeba. Kusamehe kwa mfuko wa mwingine asiyejua ni butura tu: tunauza mavuno ambayo hayajawa yetu.

Mwaka 2017, kabla ya kikao cha bodi, nilifanya mambo mawili. Nilifungua kabati na kuwatumia ujumbe wote walioacha vyeti: njooni mchukue, deni mtalipa kidogo kidogo mkianza kazi. Waliokuja walikuwa 26. Waliolipa kitu baadaye walikuwa 11, akiwemo yule wa umeme, aliyemaliza kabisa. Cha binti wa Goziba nilikituma kwa nahodha wa boti. Sikupata jibu, na sikuhitaji. Pili, nilifungua ukurasa mpya nyuma ya daftari, nikauandika juu WALIOBEBA. Kila deni tulilosamehe tangu hapo, mkabala wake kuna jina: mchungaji, mwenyekiti, mimi, usharika fulani.

Nilimwomba mwenyekiti mpishi mkuu aitwe kikaoni. Kulikuwa na maombi matatu ya msamaha. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, kanga mabegani, akasikiliza kila ombi likisomwa mpaka mwisho. La kwanza, yatima wa Izigo: akasema tumsamehe, na yeye ataacha elfu tano kila mwezi mpaka Juni. La pili, binti aliyejifungua mwaka ule: akasema hivyohivyo, ila wengine nao wataje chao kwanza. Tukataja. Mwenyekiti akaanza kulisoma la tatu kwa sauti ya huruma, akieleza jinsi familia ile ilivyoteseka. Mama akamkatiza.

"Huyo hapana," alisema. "Baba yake ana ng'ombe wanane. Nawaona kila siku wakipita kwangu kwenda mtoni."

Nikaandika: mtu wa tatu, atalipa.